Modeli ya kichwa cha treni niliyoiagiza miezi 16 iliyopita haijafika: nisubiri au nidai pesa yangu?

SWALI

Wapendwa washauri, salamu nyingi kutoka Leicester.

Miezi 16 iliyopita niliagiza kwenye duka la mtandaoni modeli ya kichwa cha treni cha dizeli cha Uingereza, Daraja la 37, kipimo cha OO (milimita 4 kwa kila futi ya kichwa halisi), chenye sauti. Kampuni ilitangaza kwamba ni modeli mpya kabisa, siyo ya zamani iliyopakwa rangi upya. Bei ni pauni 270, nami nililipa arubuni ya pauni 30 kwa kadi ya kawaida ya benki. Tangu hapo tarehe ya kutoka imesogezwa mara tatu. Habari ya mwisho ilikuwa kwamba sampuli ya pili inafanyiwa marekebisho, kisha kimya.

Wenzangu wa klabu wamegawanyika. Mmoja ananiambia nifute oda, nichukue modeli ya zamani iliyotumika ambayo ameiona kwa pauni 75. Mwingine anasema nisubiri, ila nijiandae maana hizi mpya nyingi hufika na kasoro. Reli yangu iko juu ya ubao wa mita 2.4 kwa 1.2: njia mbili za mzunguko, vipande vya kawaida vya seti, kona ya ndani ni rediasi ya 2 na ya nje ni rediasi ya 3. Bado natumia kontrola ya analogi, na nimepanga kuhamia DCC (mfumo wa kidijitali unaotuma amri kwa kila kichwa kupitia reli) kichwa kikifika.

Je, nisubiri? Pesa yangu iko salama? Na kuna la kufanya kwa sasa?

Mpenda Reli, Leicester

JIBU

Ndugu Mpenda Reli,

Subiri, ila usisubiri mikono mitupu. Kuchelewa huko ni kwa kawaida katika kazi hii. Kilichotushtua katika barua yako ni yale maneno ya mwisho, kwamba utahamia DCC kichwa kikifika. Hapo ndipo watu wengi huumia. Sanduku linafika, reli haiko tayari, linawekwa kabatini. Miezi mitatu baadaye kichwa kinawekwa relini kwa mara ya kwanza, kinagundulika kina gia inayogonga, na muda wa kukirudisha na kulipwa pesa yote umekwisha. Miezi uliyobakiwa nayo ni ya kuandaa ubao wako ili kichwa kikifika leo, kesho kiwe kimeshajaribiwa.

Kwanza tuliseme hili la kuchelewa, kwa sababu ukielewa kazi ilipofikia utaweza kuzisoma habari za kampuni bila kuhangaika. Modeli mpya huanza kwa utafiti: michoro ya asili, picha, vipimo vya kichwa halisi, mara nyingi kwa kukipiga skani ya leza pale kilipohifadhiwa. Kisha michoro ya kompyuta. Kisha inakatwa kalibu ya chuma, nayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu hiyo na kutoa sampuli ya kwanza, ambayo huwa haina rangi. Inakaguliwa, kalibu inarekebishwa, inatoka sampuli ya pili. Ikikubaliwa, zinatengenezwa sampuli zenye rangi na maandishi. Baada ya hapo ndipo kiwanda kinapanga zamu ya uzalishaji, halafu meli.

Wewe uko kwenye sampuli ya pili, na hatua hii huchukua muda kwa sababu ambayo watu wengi hawaijui. Kipande cha plastiki kikiwa chembamba mno, fundi huondoa chuma kidogo ndani ya kalibu, nafasi inapanuka, kazi imekwisha. Kikiwa kinene mno, inabidi chuma kirudishwe kwenye kalibu kwa kulehemu na kuchonga upya, au sehemu hiyo ya kalibu ikatwe na kutiwa kipande kingine. Marekebisho ya namna ya pili hula wiki nyingi. Kampuni inayorudisha kalibu kwa fundi kwa sababu pua ya kichwa haifanani na ile halisi inakufanyia hisani, maana kosa likishapita hapo litabaki katika kila kichwa kitakachotoka kwenye kalibu hiyo.

Ongeza na mambo ya nje. Viwanda vingi viko China, na kipindi cha mwaka mpya wa Kichina, mwishoni mwa Januari au katika Februari, kazi husimama kwa wiki kadhaa na wafanyakazi wengine hawarudi. Kichwa kimoja kina vipande vingi mno vinavyobandikwa kwa mkono: vishikio, vifuta vioo, mabomba, ngazi. Akipotea mfanyakazi aliyeizoea kazi hiyo, mwendo wa kiwanda unashuka. Meli nazo, tangu mwisho wa mwaka 2023, nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari ya Shamu, na safari inaongezeka kwa siku 10 au zaidi. Kwa hiyo ukiona picha za sampuli zenye rangi, usidhani ni mwezi ujao. Sisi hatuanzi kuhesabu wiki mpaka kampuni iseme mzigo uko melini.

Sasa pesa. Arubuni ya pauni 30 haitutishi sana, lakini salio la pauni 240 lilipe kwa akili. Usikubali kulipa salio kabla duka halijasema kwamba bidhaa iko ghalani kwao. Duka likifilisika ukiwa umeshalipa yote, unasimama kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, na foleni hiyo mara nyingi haigawiwi chochote cha maana. Salio hilo lipe kwa kadi ya mkopo. Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na duka kwa kitu kimoja chenye bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi 30,000, hata kama kadi ya mkopo imelipia sehemu tu ya bei. Kadi ya kawaida haina ulinzi huo. Ina utaratibu wa kuiomba benki irudishe pesa, ambao una muda wake na hautokani na sheria. Angalia pia usipitishie malipo kwa kampuni ya katikati, kwani hilo laweza kuukata uhusiano ambao sheria inautaka baina ya benki, wewe na duka.

Waandikie duka leo, mistari miwili tu: arubuni inarudishwa nikifuta oda? Bei ya pauni 270 imefungwa au itapanda? Hifadhi jibu. Wakikwambia bei inaweza kupanda na arubuni hairudi, hapo tutaelewa ukitafuta duka lingine. Vinginevyo usifute. Modeli hizi hutengenezwa kwa mikupuo. Mkupuo ukiisha, rangi na namba uliyoitaka yaweza isirudi kwa miaka, na anayefuta leo hupoteza nafasi yake kwenye foleni ya duka.

Ile ya pauni 75 tusingeinunua kama mbadala. Kama una nafasi, inunue kama kichwa cha kujaribia reli, na hata hivyo ikague kwanza. Igeuze, zungusha magurudumu: gia za plastiki za ekseli katika modeli za zamani hupasuka, na dalili yake ni mlio wa "tak" kila gurudumu linapokamilisha mzunguko. Tazama fremu ya chuma upande kwa upande. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi huoza taratibu kutoka ndani: fremu inavimba, inapinda kama ndizi, inapasuka, na hakuna dawa yake. Nyufa ndogo kwenye chuma au mwili uliobanwa mpaka hautoki ni sababu tosha ya kuondoka.

(Wasomaji wa Mombasa na Nairobi wanaotuuliza mara kwa mara kwa nini tunalipenda Daraja la 37: ni kazi ya English Electric, kampuni ile ile iliyounda dizeli za Daraja la 87 za Reli ya Afrika Mashariki. Ukiyaweka mawili hayo kwenye picha moja, undugu unaonekana usoni.)

Tuje kwenye ubao wako, ambako ndiko kazi iliko.

Kichwa halisi kina urefu wa futi 61 na inchi 6. Kwa OO, milimita 4 kwa kila futi, modeli itakuwa na milimita 246, na upana wa karibu 36. Bogi zake mbili, yaani fremu za magurudumu zinazogeuka chini ya mwili, zina ekseli tatu kila moja, na vitovu vyake viko karibu milimita 148 mbalimbali. Kata kadibodi ngumu ya 246 kwa 36. Toboa matundu mawili kwenye mstari wa katikati, yakiwa milimita 148 mbalimbali na yamegawana urefu sawasawa, kisha yafungie kwa pini juu ya bogi mbili za behewa la zamani. Bandika ncha ya penseli kwenye kona za mbele na nyingine katikati ya ubavu. Sukuma kadibodi hiyo mzunguko mzima, taratibu.

Kwenye rediasi ya 2, ambayo nusu kipenyo chake ni milimita 438, utaona katikati ya kichwa inaingia ndani kwa milimita 6 hadi 7 kuliko kwenye reli iliyonyooka, na pembe za mbele zinatoka nje kwa karibu milimita 10. Rediasi ya 3 ni milimita 505, hivyo njia zako mbili ziko milimita 67 mbalimbali, na hapo vichwa viwili vinapishana bila kugusana. Ila kama siku moja uliamua kuzisogeza njia zikaribiane mpaka karibu milimita 51, kama wengi wanavyofanya kwenye sehemu zilizonyooka ili stesheni ipendeze, hakikisha zinaachana tena kabla kona haijaanza. Kwenye kona za namna hii milimita 51 hazitoshi: pembe ya kichwa cha ndani itafuta ubavu wa kile cha nje. Kila mahali penseli inapoacha alama, iwe ukingo wa jukwaa, nguzo ya ishara au mdomo wa handaki, parekebishe sasa. Na soma tangazo la kampuni tena. Kama wameandika kwamba rediasi ya 2 ndiyo ndogo kuliko zote, basi uko kwenye mpaka, na mpaka hausamehi reli mbovu.

Bogi ya ekseli tatu ni hakimu mkali. Behewa la ekseli mbili kwa bogi hupita juu ya kibonde bila wewe kujua. Ekseli ya katikati ya Daraja la 37 huning'inia hapo na ukosi wake (ule ukingo wa gurudumu unaolishikilia relini) hupanda juu ya reli. Pitisha ncha ya kidole kwenye kila kiungo, ndani ya reli na juu yake. Ukisikia ncha inakwama, vua kibati cha kuungia, kibane au kibadilishe, kisha lainisha kona ya ndani ya reli kwa tupa ndogo. Weka rula ya chuma ya sentimita 30 juu ya reli na utazame mwanga chini yake. Mahali panapozama, legeza misumari na uingize vipande vya karatasi nene chini ya mataruma mpaka mwanga utoweke. Misumari iliyogongwa kupita kiasi ni kosa la kawaida kuliko yote: taruma hupinda katikati na upana wa reli hupungua chini ya milimita 16.5.

Umeme sasa. Analogi huvumilia vibati vya kuungia reli kupitisha umeme, DCC haivumilii. Lehemu waya mwembamba chini ya reli zote mbili kila baada ya mita moja hivi, na waya hizo ziungane na waya mbili nene zinazozunguka chini ya ubao. Kwa ubao wako, waya nene za milimita za mraba 1 hadi 1.5 zinatosha, nyembamba za 0.2 ni sawa mradi ziwe fupi. Chagua rangi mbili usizichanganye: nyekundu reli ya nje, nyeusi reli ya ndani, mzunguko mzima. Ondoa klipu ya zamani ya kuingizia umeme, kwa sababu klipu za analogi nyingi zina kapasita ya kuzuia mivumo ya redio, na kapasita hiyo huvuruga ishara za DCC. Kama njia zako mbili zimeunganishwa kwa pointi (reli za kuhamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine), zote mbili zihamie DCC siku moja. Kamwe usiache kontrola ya analogi kwenye njia moja na DCC kwenye nyingine. Gurudumu moja likipita juu ya kiungo, mifumo inakutana na kitu kinaungua.

Ukimaliza, fanya jaribio la sarafu. Washa DCC, weka sarafu juu ya reli zote mbili ili ipige shoti, na mfumo ukate umeme papo hapo. Rudia kila nusu mita na juu ya kila pointi. Mahali ambapo mfumo haukati, au unasitasita, waya ni haba au kiungo ni kibovu, na hapo ndipo shoti ya kweli itayeyusha bogi ya kichwa cha pauni 270.

Kwa kuwa umeagiza chenye sauti, usikijaribu kwenye kontrola yako ya zamani hata kama kisanduku kinasema analogi inakubalika. Dikoda ya sauti, yaani kisahani cha elektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri za DCC, hula sehemu ya volti kabla kichwa hakijasogea, na kontrola za mapigo zinaweza kuiharibu. Lakini ukishawishika kubadilisha oda iwe kichwa kisicho na sauti ili utie dikoda mwenyewe, angalia soketi ya dikoda: aina mbili za soketi, 21MTC na PluX22, haziingiliani. Hata ndani ya 21MTC kuna matoleo mawili ya dikoda. Katika moja, matokeo ya ziada yaitwayo AUX3 na AUX4 hutoa umeme wa kuwashia taa, katika jingine hutoa ishara tu. Ukichukua lisilofaa taa za ndani hazitawaka au hazitazimika, na watu hurudisha kichwa kizima kikiwa hakina kosa lolote.

Siku kinapofika, andika tarehe. Kwa kuwa ulinunua mtandaoni, una siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ya kupokea. Kwa kasoro, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kukikataa na kurudishiwa pesa yote. Baada ya hapo duka lina haki ya kujaribu kutengeneza au kubadilisha kwanza; mpaka miezi 6 kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo, isipokuwa duka lithibitishe vinginevyo.

Piga picha kasha kabla ya kulifungua. Kama ni majira ya baridi, liache chumbani saa moja likiwa limefungwa, unyevu usigande kwenye chuma. Soma karatasi ya maelekezo hata kama umeshafungua vichwa mia: nyingine zina skrubu za usafirishaji ambazo lazima zitolewe. Kitoe kwa kukishika chini, kwenye tangi la mafuta, kamwe si kwenye vishikio vya ubavuni. Tikisa mfuko wa plastiki na utazame kama kuna kipande kilichodondoka; kifuta kioo kilichotoka si sababu ya kurudisha, tone la gundi kwenye ncha ya sindano linatosha. Pima kwa kalipa nafasi iliyo kati ya migongo ya magurudumu kwenye kila ekseli: milimita 14.4 hadi 14.5. Ikipungua, kitapanda kwenye pointi. Katika vichwa tunavyoletewa vikisemwa vinaacha reli, hili na misumari iliyobana ndiyo tunayokuta kwanza.

Kiweke relini kwa anwani 3 (namba ambayo DCC hukiitia kichwa), waliyoitia kiwandani. Kiendeshe peke yake, bila mabehewa, robo hadi nusu ya kasi, nusu saa mbele na nusu saa nyuma, kisha geuza kichwa chenyewe na urudie, ili kona zisichoshe upande mmoja. Sikiliza. Mlio unaorudi kwa mpigo sawa na gurudumu ni gia. Kutikisika ni gurudumu lisilo katikati ya ekseli. Kusitasita mahali pale pale ni reli yako. Kusitasita popote ni vikusanya umeme visivyogusa gurudumu. Usiongeze mafuta: viwandani huwa wameshatia, na mara nyingi kupita kiasi. Ukiona yamevuja kwenye magurudumu, yafute kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili.

Usibandike vipande vya kwenye kifuko kidogo, wala kupaka vumbi la kuchakaza rangi, mpaka majaribio haya yaishe. Duka halitakipokea vizuri kichwa ulichokigusa kwa gundi. Na mabomba ya mbele, ukiyabandika yote, huizuia kulabu kuyumba kwenye rediasi ya 2, hivyo yaweke upande mmoja tu, ule usiovuta mabehewa.

Kikipita, ndipo ubadilishe anwani. Kwa 37025, kwa mfano, tumia tarakimu nne za mwisho, 7025. Kisha tazama CV29 (CV ni mipangilio ya dikoda, kila mmoja na namba yake). Ikiwa inasoma 38, andika 34: umebakiza anwani ndefu na umezima analogi, hivyo dikoda ikikosa ishara haitadhani iko kwenye analogi na kukimbiza kichwa mpaka sakafuni. CV3 na CV4, za kuongeza na kupunguza mwendo, zipandishe kidogo kidogo ukitaka kichwa kionekane kizito. CV2 na CV5, za volti ya kuanzia na kasi ya juu, ziache. Sauti na mota zimepangwa pamoja kiwandani, na ukizichezea injini italia kwa nguvu huku kichwa kimesimama. Kabla ya kugusa chochote, soma thamani zote tano na uziandike ndani ya kifuniko cha kasha, chini ya ile tarehe ya kupokea.